Hana simu, lakini mtandao umemuumiza

Mara ya kwanza alikuja akilalamika tumbo. Mara ya pili kichwa. Mara ya tatu alikuja na vyote viwili, na bibi yake aliyekuwa anamleta alikuwa ameshaanza kuchoka na mimi.

Hiyo ilikuwa Issenye, wilayani Serengeti, mkoani Mara, ambako timu yetu huenda kutoa huduma ya mkoba. Siku hizo meza huwekwa kivulini, mizani ya watoto hufungwa kwenye tawi la mti, na foleni huanza kabla jua halijawa kali. Mgonjwa wangu alikuwa binti wa miaka 15, mwanafunzi wa kidato cha pili. Sitamtaja jina wala shule, na baadhi ya mambo nimeyabadili ili asitambulike. Yeye na bibi yake wameniruhusu kuandika.

Niseme ukweli, mara mbili za mwanzo sikumsaidia. Nilimpima malaria, hana. Nikapima mkojo, ukawa safi. Nikamwandikia dawa ya vidonda vya tumbo na kumshauri ale kwa wakati. Foleni ilikuwa ndefu na yeye alikuwa anajibu kwa kichwa tu, ndiyo au hapana. Nikaita mgonjwa mwingine.

Mara ya tatu bibi hakusubiri nimuulize. "Daktari mwanangu," alisema, "huyu mtoto hali, halali. Asubuhi anavaa sare anatoka, halafu mwalimu ananiambia shuleni hafiki. Majirani wanasema karogwa. Wewe unasemaje?"

Nilimwomba bibi atupishe kidogo. Nikaweka kalamu chini. Nikamuuliza binti, "Shuleni kuna nini?"

Alikaa kimya muda mrefu, akikunja na kukunjua ncha ya kanga. Kisha akasema maneno matatu: "Wana picha yangu."

Siku moja hedhi ilimjia akiwa darasani, hana pedi. Sketi ilichafuka nyuma bila yeye kujua. Mwenzake mmoja aliyeingiza simu shuleni kwa kificho alimpiga picha akiwa ubaoni anaandika. Jioni picha ilikuwa kwenye kundi la WhatsApp la wanafunzi. Kesho yake ilikuwa kwenye stetasi za watu ambao yeye hata hawajui, na tayari alikuwa amepewa jina la utani ambalo sitaliandika hapa. Akipita njiani, vijana wa bodaboda wanamwita kwa jina hilo.

Nikamuuliza swali la kijinga. Nilimuuliza kwa nini asijitoe kwenye hilo kundi ili apumzike.

Aliniangalia kwa mshangao. "Mimi sina simu, daktari."

Nyumbani kwao kuna kitochi cha bibi, cha kupigia na kupokelea hela. Binti huyu hana akaunti yoyote, na picha yenyewe hajawahi kuiona. "Watu wote wameiona isipokuwa mimi," aliniambia. Kwa hiyo kila usiku alikuwa akiitengeneza upya kichwani, na kila akiitengeneza inakuwa mbaya zaidi.

Nimekuwa daktari kwa miaka mingi, na nimewahi kusimama mbele ya wazazi nikiwaeleza madhara ya mitandao kwa vijana. Siku zote nilikuwa naanza na mtoto mwenye simu: mpunguzieni muda, mnyang'anyeni usiku, angalieni anaongea na nani. Binti wa Issenye alinifundisha kwamba uonevu wa mtandaoni hauhitaji mwathirika awe na simu. Unahitaji wenzake wawe nayo.

Na vijijini simu zipo. Kuna ya kaka, ya mama, ya jirani, na ile inayoachwa dukani ichajiwe. Bando la mtu mmoja linatosha watoto kumi kuinamia kioo kimoja. Anayechekwa ndiye wa mwisho kujua.

Utani una mipaka

Tukiwauliza vijana, wengi watasema ilikuwa utani tu. Sisi Watanzania tunaujua utani. Watani wanachekana hadi msibani na hakuna anayeumia, kwa sababu utani una kanuni yake: wote wawili wanacheka, na kesho zamu ni ya mwingine. Pale mmoja anapocheka na mwenzake analia, na zamu haibadiliki, huo si utani tena.

Uonevu wa mtandaoni ni kumuumiza mtu kwa makusudi kwa kutumia simu au kompyuta. Unaweza kuwa picha, video, sauti ya kashfa inayorushwa kwenye kundi, akaunti feki yenye jina lake, vitisho vya kuvujisha picha za faragha, au kumtoa mtu kwenye kundi ili asengenywe vizuri. Wengine hudhani lazima uwe wa kila siku. Si lazima. Mtu akirusha picha mara moja na wengine mia wakaisambaza, mtoto ameumizwa mara mia na moja.

Maneno yenyewe mara nyingi si mapya. Huku kwetu, katika baadhi ya maeneo ya Tarime na Serengeti, msichana ambaye hajakeketwa amekuwa akiitwa "msagane", neno la kumdharau mbele ya wenzake. Zamani aliitwa hivyo mtoni au kwenye mkusanyiko, akirudi nyumbani yameisha. Leo neno hilo hilo linatumwa kwa sauti ya WhatsApp na linaweza kumfuata hata msichana aliyekimbilia nyumba salama Mugumu au Masanga. Mwili wake umenusurika, lakini tusi limemkuta.

Wavulana nao hawajasalimika. Kijana akitoa machozi wakati wa tohara na mtu akamrekodi, video hiyo inaweza kumtesa kuliko kidonda.

Kwa nini inauma kiasi hiki

Wazazi wengi huniambia, "Sisi tulitukanwa, tukapona. Watoto wa siku hizi wamekuwa laini." Nawaelewa. Nami nilichekwa nikiwa shule ya bweni miaka ya tisini. Lakini likizo ilipofika nilipanda basi, na waliokuwa wananicheka wakabaki nyuma. Nyumbani hakuna aliyejua jina nililopewa. Nilipumzika mwezi mzima.

Mtoto wa leo hana likizo hiyo. Tusi liko shuleni, njiani, sokoni na nyumbani. Hajui ni watu wangapi wameona, hivyo kila anayemtazama anadhani ameona. Na hajui litaisha lini, kwa sababu picha ikitulia leo, mtu anaweza kuiibua tena mwezi ujao.

Ubongo nao una sehemu yake. Mwaka 2003 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Naomi Eisenberger na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Watu waliwekwa kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo huku wakicheza mchezo rahisi wa kurushiana mpira kwenye kompyuta na wachezaji wawili waliodhani ni watu kweli. Baada ya muda wale wawili wakaacha kumrushia mpira. Ni hilo tu. Hakuna aliyetukanwa. Lakini sehemu ya ubongo inayohusika na machungu ya maumivu ya mwili iliamka. Kama kunyimwa mpira na watu usiowajua kunaamsha ubongo hivyo, fikiria kuchekwa na darasa zima.

Kwa kijana balehe uzito unazidi. Katika umri huo sehemu za ubongo zinazoshughulika na hisia na kukubalika na wenzake zinafanya kazi kwa nguvu, wakati sehemu ya mbele, ile inayosema "subiri, hili nalo litapita", haijakomaa. Hukomaa taratibu hadi mtu anapofika miaka ya ishirini na kitu. Kwa hiyo kijana anapokwambia maisha yake yameisha, usimwone anaigiza. Kwa wakati huo ndivyo anavyoona kweli.

Tatizo si dogo wala si letu peke yetu. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani (WHO), kanda ya Ulaya, lilitoa ripoti ya utafiti katika nchi na maeneo 44 iliyoonyesha kuwa takriban mwanafunzi mmoja kati ya sita alikuwa amefanyiwa uonevu mtandaoni. WHO inakadiria pia kuwa duniani kijana mmoja kati ya saba wenye miaka 10 hadi 19 anaishi na tatizo la afya ya akili. Wengi wao hawajatambuliwa na hawatibiwi.

Mwili husema kabla ya mdomo

Kwa nini tumbo? Ubongo na utumbo vimeunganishwa na mishipa ya fahamu, na homoni za hofu hufika kote. Mtoto anayeamka kila asubuhi akiwa na hofu ya kwenda shule atahisi tumbo linasokota, kichefuchefu, moyo kwenda mbio, kichwa kuuma. Maumivu hayo ni ya kweli, hayaigizi. Ila chanzo chake hakionekani kwenye darubini ya maabara.

Mzazi au mlezi, angalia haya. Maumivu yanayorudi bila sababu kupatikana, hasa asubuhi za siku za shule, na yanayopungua wikiendi. Usingizi kukata, au kulala kupita kiasi. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa nane hadi kumi, na anayewaza usiku kucha hafiki hapo. Kula kidogo au kuacha kabisa. Alama za darasani kushuka ghafla. Kuacha marafiki, kuacha kwaya, kuacha mpira. Hasira kwa jambo dogo. Kama ana simu, anashtuka ikilia, anaificha ukipita, au ameiacha ghafla wakati hakuwa anaitoa mkononi.

Dalili hizo zikidumu wiki mbili au zaidi, huku akiwa na huzuni, anajiona hafai na hafurahii alivyokuwa akivipenda, huenda ni sonona. Huo ni ugonjwa, una tiba, na hauna uhusiano na uvivu wala mapepo.

Iko dalili moja isiyosubiri wiki mbili. Kijana akisema "bora nisingekuwepo", "mtanikumbuka" au "nimechoka kuishi", au akianza kugawa vitu vyake, muulize siku hiyo hiyo, wazi na kwa upole: "Unawaza kujidhuru?" Watu wengi wanaogopa kwamba kuuliza kutampa wazo. Si kweli. Kuuliza humpa nafasi ya kutua mzigo. Usimwache peke yake, mfikishe kituo cha afya, na dawa za kuulia wadudu wa pamba, za mifugo na za hospitali zilizoko nyumbani zifungiwe mahali asipofika.

Kwa nini hawasemi

Nilimuuliza yule binti kwa nini hakumwambia bibi. Akanijibu, "Ningeambiwa kwa nini nilikaa vibaya." Na mwalimu je? "Angeuliza nani ana simu, wenzangu wangechapwa, halafu ningekoma."

Hapo ndipo penye kiini cha tatizo. Watoto hawanyamazi kwa kuwa hawajui wapi pa kwenda. Wananyamaza kwa sababu wamepiga hesabu na kuona kusema kutawaumiza zaidi. Shule nyingi zimekataza simu, na zina sababu zake. Lakini matokeo yake ni kwamba mtoto akisema "nimetukanwa WhatsApp", swali la kwanza analoulizwa ni "Umeingiaje WhatsApp?" Anayeomba msaada anageuka mtuhumiwa.

Nakumbuka mvulana mmoja kutoka upande wa Tarime aliyeletwa na baba yake kwa "malaria isiyopona". Wenzake walikuwa wanamkejeli kwenye kundi, na siku moja akapiga moyo konde akamwonyesha baba yake zile jumbe. Baba alizisoma, akaona aibu, akaivunja simu na kumcharaza kijana kwa kujiunga na makundi ya ovyo. Mzee yule hakuwa mkatili. Alikuwa na hofu, na hofu ya baba mara nyingi hutoka kama hasira. Lakini kijana alijifunza jambo moja tu, kwamba asiseme tena. Ilinichukua vikao vinne kumfanya aongee.

Utafiti uliofanywa nchini na kuchapishwa mwaka 2022 kwa ushirikiano wa UNICEF, ECPAT na INTERPOL kuhusu ukatili wa kingono kwa watoto mtandaoni ulionyesha mambo yanayofanana na haya. Mara nyingi anayemuumiza mtoto si mgeni wa mbali bali ni mtu anayemfahamu, na ni wachache mno wanaofikisha taarifa polisi au kwa mamlaka nyingine.

Issenye iko karibu na Pori la Akiba Grumeti. Mazao yakikaribia kukomaa, watu hukesha mashambani wakipiga madebe na kumulika tochi ili tembo wasimalize mahindi na mtama. Hakuna anayemlaumu mwenye shamba kwamba tembo wamemwingilia. Wanakesha naye. Nawaza, kwa nini mtoto aliyeingiliwa na uonevu tunamuuliza kwanza amekosea wapi?

Neno lako la kwanza

Kwa ruhusa ya binti, nilimwita bibi na kumweleza. Nilijiandaa kwa lolote. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akamgeukia mjukuu wake, akauliza, "Kwani hiyo damu umeiiba?"

Binti akatikisa kichwa.

"Basi. Mama yako alikuwa nayo, mimi nilikuwa nayo, na huyo aliyekupiga picha mama yake anayo. Ungeniambia siku ile ile tungeenda wote."

Binti alianza kulia, kilio kile cha kutua mzigo. Sikuwa na dawa kwenye boksi langu iliyofikia sentensi ile. Bibi hajasoma saikolojia, lakini alifanya mambo matatu ambayo sisi tunafundishwa darasani: hakumlaumu, alimwondolea aibu, na alimwambia hatakuwa peke yake.

Mzazi, mtoto akikuambia jambo kama hili, neno lako la kwanza ndilo litakaloamua kama utaambiwa la pili. Anza na "Asante kwa kuniambia. Si kosa lako." Maswali ya nani, lini na wapi yatakuja baadaye. Usiahidi kwenda kupigana, wala usinyang'anye simu papo hapo. Muulize yeye anataka nini kifanyike kwanza, kwa sababu mtoto aliyedhalilishwa amepokonywa uwezo wa kuamua, na kumrudishia uwezo huo ni sehemu ya tiba.

Hatua za kuchukua

Tunza ushahidi. Piga picha ya skrini ya ujumbe, namba na tarehe kabla haujafutwa. Kisha usijibu, zuia namba hiyo na uripoti akaunti. Lakini kama ni picha ya utupu ya mtoto, usiinakili wala kumtumia mtu yeyote, hata kwa nia njema. Peleka simu yenyewe kituoni.

Ongea na shule, hasa mwalimu wa malezi na ushauri nasaha. Walimu wangu wapendwa, kanuni ya simu ibaki, lakini mtoto anayekuja kueleza kuonewa asikilizwe kwanza kama mgonjwa anavyosikilizwa. Adhabu ya simu inaweza kusubiri. Sonona haisubiri.

Ipo pia sheria. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 23, inakataza kutuma ujumbe wa kielektroniki kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumletea mtu mateso ya kihisia. Adhabu yake ni faini isiyopungua Sh5 milioni au kifungo kisichopungua miaka mitatu au vyote viwili. Mahali pa kuanzia ni Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, au afisa ustawi wa jamii wa kata au wilaya. Tukumbuke tu kwamba mara nyingi aliyetenda naye ni mtoto, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua yeyote mwenye umri chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Naye anahitaji kuwajibishwa na kusaidiwa. Wapo waonevu wengi ambao nao wanaonewa mahali pengine, na kitaalamu hao ndio wako kwenye hatari kubwa zaidi kiafya.

Kama huna pa kuanzia, piga namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto. Ni bure, na mtoto anaweza kupiga mwenyewe hata kwa kitochi.

Kwa upande wa tiba, wengi hupona kwa mazungumzo: kusikilizwa, kufundishwa kutambua mawazo yanayomdanganya kwamba hafai, kurudishwa taratibu kwenye ratiba ya kulala, kula na kusoma. Sonona ikiwa kali, daktari anaweza kuongeza dawa. Anzia kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Ikihitajika utapewa rufaa, iwe Hospitali ya Rufaa ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, Musoma, au Bugando, Mwanza.

Na wewe uliyeipokea

Agosti 2024 video ya binti aliyefanyiwa ukatili na kundi la wanaume ilisambaa nchi nzima. Wananchi waliombwa waache kuisambaza. Septemba 30 mwaka huo mahakama jijini Dodoma iliwahukumu watu wanne kifungo cha maisha. Wengi tulishangilia haki kutendeka. Lakini nilikumbuka makundi niliyomo, ya ndugu, ya kanisani, ya kazini, na jinsi video ile ilivyopita humo kwa maneno ya "jamani oneni dunia ilipofika". Tulikuwa tunasikitika huku tunasambaza.

Picha hufika mbali kwa sababu ya watu wema wanaoipokea na kuisukuma mbele. Wewe kijana unayesoma hapa, huna haja ya kupigana na mwonevu. Picha ikikufikia, ifute. Ukiweza andika kwenye kundi, "Hii si sawa." Halafu kesho asubuhi mfuate aliyedhalilishwa, utembee naye kwenda shule. Kwa mtoto anayeamini dunia nzima inamcheka, mtu mmoja anayetembea pembeni yake ni dawa kubwa.

Ndivyo ilivyokuwa kwa binti wa Issenye. Bibi alikwenda shuleni. Mwalimu wa kike alilisimamia jambo bila kulitangaza mstarini. Aliyepiga picha aliomba msamaha mbele ya walezi wa pande mbili, akilia kuliko hata aliyepigwa. Wasichana wawili wa darasa lake wakaanza kumpitia nyumbani asubuhi. Shule ikaweka pedi za dharura kwenye kabati la mwalimu, jambo ambalo lingefanyika mapema huenda picha yenyewe isingekuwepo. Novemba alifanya mtihani wa kidato cha pili.

Sitasema ameshapona kabisa. Yako majina ya utani ambayo bado anayasikia stendi. Mara ya mwisho tulipoonana aliniuliza, "Daktari, ile picha itakuja kufutika?" Nilimjibu ukweli, kwamba siwezi kumwahidi hilo. Nilimwambia ninachoweza kumwahidi ni kwamba haitamtawala maisha yake yote.

Alifikiri kidogo, akatabasamu. "Bibi anasema nikishaolewa nimwonyeshe mume wangu mwenyewe, nimwambie ndiyo hiyo, sikuiba."

Tumbo halijamuuma tangu Agosti.